UZI: Viti vya zamani vya mbao iliyopindwa, tuache kuvipiga msasa na rangi ya mafuta

SeremalaWaMwanga

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni fundi seremala hapa Kigoma mjini, kazi inayonilisha ni vitanda, makabati na milango ya mninga kama mafundi wengine tu, ila kuna kakazi ka pembeni nakapenda kuliko zote nako ni kufufua viti vya kizamani. Nimeona nianzishe uzi kwa sababu huku kwetu, kuanzia Ujiji mpaka Tabora huko, bado kuna viti vya maana vimelala stoo za misheni, nyuma ya ofisi za zamani na majumbani kwa wazee waliofanya kazi reli, na kila nikifuatilia nakuta kimoja kimeenda kuni, kingine kimepigwa rangi ya mafuta ya bluu ileile iliyobaki kwenye mlango, cha tatu fundi mwenzangu kakitembezea msasa wa mashine mpaka kimekuwa cheupe kama muhogo uliomenywa, halafu anakuonyesha kwa furaha kabisa.

Viti ninavyosema ni vile ambavyo mgongo wake ni fito moja nene imekunjwa, inaanzia chini mguu wa nyuma wa kushoto, inapanda, inazunguka juu, inashuka inakuwa mguu wa kulia. Hakuna kiungo hata kimoja njiani. Ndani yake kuna fito nyingine nyembamba imefuata mzunguko huohuo. Kikalio cha duara, cha henzirani ya kusukwa au plaiwudi yenye matundumatundu. Chini kuna pete ya mbao imeshika miguu yote minne isipanuke. Wengi wenu mmekalia sana hivyo viti ila hakuna aliyewaambia ni kitu gani.

Aliyevianzisha anaitwa Michael Thonet, Mjerumani wa mji wa Boppard, akahamia Vienna mwaka 1842. Mwanzo alikuwa anabandika vipande vyembamba vya mbao kwa gundi halafu anavikunja. Shida ikawa viti vikienda nchi za joto na unyevunyevu gundi inaachia, kiti kinafunguka chenyewe. Hapo akili ikamwambia achana na gundi, chukua fito nzima ya mbao, ipige mvuke mpaka ilainike, ikunje ikiwa bado ya moto kwenye fremu ya chuma, iache ikauke humohumo. Patenti ya hiyo kazi alipata 1856, na 1859 kikatoka kiti namba 14 ambacho ndio baba wa hivi vyote. Vipande sita vya mbao, skrubu kumi, nati mbili, basi. Viti 36 vikifunguliwa vinaingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, na mpaka kufika 1930 vilikuwa vimetengenezwa kama milioni 50.

Kwa hiyo tuelewane mapema, sisemi ukikiokota umetajirika. Milioni 50 ni vingi mno. Ninachosema ni kwamba ni kazi nzuri ya mikono na akili, inatengenezeka kirahisi, na sisi ndio tunaimaliza kwa msasa. Nitaendelea kushusha hatua za kazi, mwenye swali aulize.

KijanaWaGungu

Mkuu uzi wa viti bila picha? Weka mzigo tuone

SeremalaWaMwanga

Picha zinakuja mkuu, mtandao wa huku leo unasuasua.

Mchimbaji_77

Samahani mkuu, hivi viti si ndio wanasema Mjerumani alificha zebaki kwenye miguu? Kuna jamaa wanazunguka wanaulizia vitu vya kale, cherehani, redio na viti, wanakuja na sumaku kabisa

SeremalaWaMwanga

Hapana ndugu yangu. Mguu wa hiki kiti ni fito ngumu isiyo na uwazi ndani, ukiikata utakuta mbao mwanzo mwisho. Na sumaku itanasa skrubu, kwa sababu skrubu ni chuma. Watu wanapasua viti vizima kutafuta kitu ambacho hakijawahi kuwepo, nimeletewa kimoja mguu umepigwa keekee matundu kuanzia juu mpaka chini mwenye kiti anauliza kama nikiziba kitarudi kuwa imara. Hakirudi.

Mzawa wa Isevya

Mchimbaji wewe kama unataka mali ya Mjerumani tafuta zile rupia 15 za dhahabu zenye tembo zilizogongwa hapa Tabora 1916, hizo zipo kweli na watu wananunua. Achana na miguu ya viti 😂

Mchimbaji_77

Naomba location mkuu

Mzawa wa Isevya

Ningekuwa nayo ningekuwa nabishana na wewe humu saa hizi?

Haya tuache utani. Mwangaluka wakuu. Nina swali serious kwa fundi. Kwetu kuna viti vya namna hiyo, vilikuwa vya babu aliyekuwa reli, baba amevirithi. Mzee anasema vilikuja na Mjerumani reli ilipofika Tabora, na akisema hivyo hakuna wa kumpinga pale nyumbani. Sasa leo baada ya kusoma huu uzi nikageuza kimoja, ndani ya ule mzunguko wa kikalio kuna kikaratasi kimechakaa kinasomeka THONET halafu mbele kidogo CZECHOSLOVAKIA. Hii ina maana gani

SeremalaWaMwanga

Kwanza usikiguse hicho kikaratasi na maji wala kitambaa kibichi. Weka nailoni juu yake ubandike pembeni na selotepu kwenye mbao isiyo na vanishi, hivyohivyo mpaka tuongee.

Sasa maana yake. Viwanda vya Thonet vingi vilikuwa Moravia, cha kwanza kikubwa kule kilikuwa Koritschan, walifuata misitu. Wakati wa Mjerumani hapa kwetu, Moravia ilikuwa ndani ya dola ya Austria. Nchi ya Czechoslovakia, ambayo Moravia iliingia ndani yake, imezaliwa 1918 baada ya vita ya kwanza. Kwa hiyo kiti chenye jina la hiyo nchi hakiwezi kuwa kimeshuka Tabora na reli ya 1912, hiyo nchi ilikuwa bado haipo duniani. Chako ni cha wakati wa Mwingereza. Ukikuta maneno Thonet-Mundus pia ni miaka ya 1920 kuja mbele, maana kampuni ziliungana hapo. Ukikuta AUSTRIA peke yake na karatasi ni ya kizamani kweli, hapo ndio unaweza kuanza kuwaza mambo ya Mjerumani, na hapo napo pole pole.

Na usidhani kila kiti cha namna hii ni Thonet. Patenti iliisha 1869, baada ya hapo kila mwenye boila la mvuke akaingia kazini. Wakubwa walikuwa Jacob & Josef Kohn, hao nao wa Vienna, na kazi yao si ya kudharau hata kidogo. Viti vya msanifu majengo Adolf Loos vya Café Museum pale Vienna mwaka 1899 waliotengeneza ni Kohn. Msanifu mwingine wa Vienna, Josef Hoffmann, naye kazi zake nyingi zilitoka kwa Kohn, ukiona kiti kina vitufe vya mbao vya mviringo pale mguu unapokutana na kikalio ujue ni mtindo wake, na vile vitufe si urembo tu, vinakaza kona isicheze.

Mzawa wa Isevya

Sasa nani atamwambia mzee

MstaafuWaReli

Vijana hongereni kwa mada. Niongeze kidogo. Reli ya kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914 mwanzoni, na 1916 Wabelgiji wameshaingia Tabora. Kwa hiyo Mjerumani Kigoma alitumia reli yake muda mfupi sana na katikati yake kuna vita. Vitu vingi watu wanavyoita vya Mjerumani ni vya Mwingereza, hata majengo watu wanachanganya. Sisi tulivyokuwa kazini viti tulivyovikuta maofisini vilikuwa vya aina mbili. Hivyo anavyosema fundi vilikuwepo, vichache. Vingine vilikuwa vizito, vya mbao za hukuhuku, mikono mipana, vimegongwa herufi chini au nyuma. EAR&H maana yake East African Railways and Harbours, hiyo ilianza 1948, kwa hiyo ukiona hizo herufi usiseme cha Mjerumani. PWD ni idara ya ujenzi ya Mwingereza. Hivyo navyo msivichome, mbao yake ya sasa huipati.

Na hilo la viti kuja vimefunguliwa kwenye masanduku lisiwashangaze watu wa Kigoma, meli yetu ya Liemba yenyewe imekuja hivyohivyo. Ilijengwa Papenburg 1913 ikafunguliwa yote, ikapakiwa masanduku 5,000, ikaja Dar kwa meli na huku kwa treni, ikaungwa hapo Kigoma.

SeremalaWaMwanga

Shikamoo mzee. Ahsante sana, hapo umenisaidia, watu wananiletea viti vya PWD wanataka niseme ni vya Kaiser.

MstaafuWaReli

Marahaba mwanangu.

Mbao_Halisi

Mimi nitapinga kidogo. Na mimi ni fundi, nipo Kiloleni Tabora. Hiyo mbao yao nyepesi, bungua anaila kama mkate, mchwa ndio usiseme. Mninga wetu au mkurungu haujui bungua ni nani. Kwanini mteja atoe hela kufufua kiti cha mbao laini wakati kwa hela hiyohiyo namchongea kiti cha mninga cha kudumu maisha? Naona hii ni kupenda vya wazungu tu tusidanganyane

SeremalaWaMwanga

Swali zuri fundi mwenzangu na nitakujibu kama fundi. Mninga kwa bungua na mchwa uko mbele, sibishi, na hiyo mbao yao inaitwa biichi, ukiiacha chini kwenye udongo mvua moja mchwa wamesharipoti.

Ila nikuulize, wewe ukitaka mgongo wa kiti wa duara kwa mninga unafanyaje? Unachukua ubao mpana unachora mkunjo unakata. Ukikata hivyo nyuzi za mbao unazikata pia, pale kwenye kona kali nyuzi zinakuwa zimekaa mkingamo, ndipo kiti kinapovunjikia kila siku. Au unaunga vipande vitatu vinne kwa gundi na dawali (vijiti vya kuungia), viungo vingi. Kiti cha kupinda nyuzi zinasafiri na mkunjo kuanzia mguu mpaka mguu. Ndio maana fito ya unene wa vidole viwili inabeba mtu wa kilo mia anayeegemea nyuma kwa miguu miwili (wanaume tuache hii tabia).

Na siri ya kuikunja bila kupasuka ndio inayonifurahisha. Mbao ikiwa na mvuke inakubali kubanwa ila haikubali kuvutwa. Ukiikunja kawaida, upande wa ndani unabanwa, upande wa nje unavutwa, wa nje unapasuka. Thonet akafunga ukanda wa bati la chuma upande wa nje na kuubana kwenye ncha zote mbili, kwa hiyo mbao haiwezi kurefuka, mkunjo wote unageuka kubanwa. Ni hilo tu. Mimi nimekaa na hilo wazo siku nyingi, mtu kafikiria ukanda wa bati akapata viti milioni 50.

Ya kupenda vya wazungu, mimi napenda kitu kilichofikiriwa vizuri. Hata kigoda cha Mha kikiwa kimechongwa vizuri nakigeuza naangalia chini.

Mbao_Halisi

Hapo kwenye ukanda wa bati umenipata. Nitajaribu na fito za hukuhuku nione. Ila bungua bado hujanijibu

SeremalaWaMwanga

Nakuja kwenye bungua mkuu, nilikuwa naandaa post ndefu.

DadaWaKibirizi

Habari zenu kaka zangu. Mimi nafungua sehemu ya kahawa na chai karibu na mwalo, kuna ofisi moja waliuza vitu chakavu kwa mnada nikapata viti hivi, kama unavyovieleza hasa, vingine vinacheza kimoja kimepasuka mgongo. Nilitaka nivipige rangi nyeupe vyote vifanane, na kikalio niweke ubao wa mninga maana henzirani imetoboka. Nikasoma hapa nikasita. Nishauri kaka fundi ila ujue sina bajeti ya makumbusho

SeremalaWaMwanga

Karibu dada na hongera, umepata kitu kilichoumbwa kwa kazi hiyohiyo. Hivi viti vilitengenezewa migahawa ya kahawa ya Vienna kabla havijaenda majumbani. Na kuna Le Corbusier, yule msanifu majengo maarufu, 1925 kwenye maonyesho ya Paris aliweka viti vya Thonet kwenye banda lake wakati wengine wanashindana kuleta samani za anasa. Kwa hiyo banda la kahawa la Kibirizi haliko mbali na asili yake.

Rangi nyeupe. Viti ni vyako dada, sitakukataza. Ila nikueleze unachofunika. Viti hivi vingi vilipakwa rangi ya kunywesha mbao ili vifanane na mbao za bei, kahawia iliyoiva au nyekundunyekundu, juu yake shelaki, ile vanishi ya zamani inayoyeyuka kwa spiriti. Ile rangi imeingia kidogo tu juujuu. Ukipiga msasa inaondoka na hairudi, ukipiga rangi ya mafuta inajaza ile mistari midogo na herufi zilizogongwa, na siku ukitaka kuitoa utatumia dawa kali ambayo itakula na ile ya chini. Kabla ya yote, osha. Kitambaa, maji ya vuguvugu kidogo, sabuni kidogo sana, kamua mpaka kisidondoshe, futa, kausha hapohapo. Uchafu wa miaka ukitoka unaweza kukuta kiti hakikuhitaji kitu kingine zaidi ya nta.

Ukishaosha fanya jaribio hili. Chukua pamba, chovya spiriti, gusa sehemu isiyoonekana, chini ya kikalio. Ikinata na pamba ikawa ya kahawia basi hiyo ni shelaki, una bahati, maana shelaki ya zamani inayeyuka na kujiunga na mpya. Unapaka nyembamba juu ya ileile ya zamani kwa kitambaa, mikwaruzo inajifunga yenyewe, hakuna msasa. Ikigoma spiriti ikakubali tina, basi kuna mtu alishaipiga vanishi ya dukani baadaye, hapo kazi ni nyingine, niletee nione.

Ubao wa mninga kwenye kikalio hapana dada. Hapo nitakuwa mkali kidogo. Ule mzunguko wa kikalio umekunjwa nao, na una kiungo kimoja tu cha gundi. Ukiupigilia ubao mzito kwa misumari unaupasua palepale kwenye kiungo. Kama henzirani ni gharama weka plaiwudi nyembamba ya kulalia juu, hata wenyewe Thonet waliuza vya plaiwudi. Usiipigilie kwa msumari, tumia skrubu fupi na utoboe kwanza.

DadaWaKibirizi

Nimekuelewa kaka. Nyeupe naiacha kwanza. Nimeosha kimoja sasa hivi nimeshtuka, chini ya uchafu kinang'aa wekundu kwa mbali, na kuna vidoadoa vidogovidogo vya kahawia kama vimenyunyizwa

SeremalaWaMwanga

Hivyo vidoadoa ndio alama ya biichi. Umeona sasa.

KijanaWaGungu

Dada location ya hiyo kahawa tafadhali, tuje tukague viti

SeremalaWaMwanga

Haya wakuu post ndefu niliyoahidi, viti vinavyocheza, vilivyopasuka na vyenye bungua.

Kiti kinachocheza. Watu wanakimbilia msumari. Msumari kwenye biichi kavu ya miaka mia unapasua, tena unapasua kimyakimya, utakuja kuona ufa mwezi ujao. Kiti hiki kimefungwa kwa skrubu na nati, na dawa yake ni kukifungua chote. Piga picha kwanza, andika namba kwa penseli kwenye kila kipande sehemu ya kujificha, mguu wa kushoto usiende kulia, maana kila tundu limezoeana na mguu wake. Skrubu ni zile za mkato mmoja, tafuta bisibisi ambayo ncha yake inajaza ule mkato wote, ukitumia nyembamba unakula kichwa cha skrubu na hapo umejitengenezea kazi ya siku nzima. Ikiwa imeshika kutu ipashe moto kwa pasi ya kulehemu, iache ipoe, jaribu tena, kwanza kaza kidogo halafu ndio ulegeze. Usitupe skrubu za zamani hata zikiwa mbaya, zisugue kwa brashi ya waya uzipake mafuta zirudi kazini. Tundu likiwa limelegea usiweke skrubu ndefu zaidi, lizibe kwa kijiti cha mbao na gundi, iache ikauke vizuri, kisha toboa upya.

Gundi ya zamani ni ile ya kuchemsha ya ngozi na mifupa ya wanyama. Inalegea kwa maji ya moto, kwa hiyo kiungo kilichogoma usikipige nyundo, funga kitambaa chenye maji ya moto ukisubiri. Na gundi mpya haishiki juu ya gundi ya zamani, kwangua yote mpaka uone mbao.

Ufa kwenye mkunjo. Hapa mara nyingi nyuzi zimenyanyuka upande wa nje kama unyoya. Usikate huo unyoya! Punguza gundi nyeupe kwa matone ya maji iwe nyepesi, isukume ndani ya ufa kwa sindano ya hospitali, chezesha ufa kidogo iingie mpaka mwisho, halafu unabana. Jiliwa haliwezi kubana kitu cha mviringo kilichokunjwa, linateleza. Chukua tyubu ya baiskeli iliyokufa, ikate ukanda mrefu, anza kuzungusha kutoka upande ambao haujapasuka huku unavuta kwa nguvu zote, kila mzunguko upande juu ya mwenzake nusu. Mpira unabana kila upande sawasawa na gundi haiushiki. Mpaka kesho yake ndio ufungue. Mimi tyubu za baiskeli nazinunua kwa fundi baiskeli kama vile nanunua vifaa vya maana, ananishangaa mpaka leo.

Ila ufa ukiwa umevuka mguu mzima kutoka upande hadi upande, gundi peke yake si kitu cha kuaminiwa na mtu mzima juu yake. Kifanye kiti cha kuangalia.

Bungua sasa. Fundi wa Kiloleni usikilize. Vitundu peke yake si ugonjwa, vinaweza kuwa vya zamani na mdudu alishaondoka. Kigonge kiti juu ya karatasi nyeupe, acha siku kadhaa. Ukikuta unga mpya laini chini ya vitundu, yupo kazini. Dawa za dukani zipo, unaingiza kwa sindano tundu kwa tundu, nje kwenye hewa na barakoa. Ila kuna njia nyingine hata makumbusho wanaitumia, ni baridi. Kiti kifunguliwe, vipande vifungwe kwenye nailoni hewa isiingie, viwekwe kwenye friza inayofika nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Ukivitoa usifungue nailoni mpaka baridi iishe yote, la sivyo unyevu unatua kwenye mbao. Hapo ndipo unamshukuru Thonet kwa vipande sita, kiti kizima hakiingii friza.

KijanaWaGungu

Kwa hiyo niongee na mama wa mgebuka nimuambie atoe samaki niweke kiti 😂😂

SeremalaWaMwanga

Mkuu mimi yangu nimekodi nafasi kwa mfanyabiashara wa samaki kabisa. Siku ya kwanza aliniangalia kwa jicho baya akadhani nimeleta mambo ya kienyeji, sasa hivi kazoea ila sharti lake kila kitu kifungwe mara mbili.

Mbao_Halisi

Aisee. Hiyo ya friza sikuwahi kuifikiria. Mninga bado naupenda ila nimeshusha silaha

MnunuziDar

Wakuu nanunua viti hivi Kigoma na Tabora kwa bei nzuri, vikiwa vingi nakuja na gari. Viwe vimepigwa msasa tayari vizuri. PM

SeremalaWaMwanga

Kaka anayejua hivi viti hataki vilivyopigwa msasa, hilo peke yake linaniambia kitu. Wenye viti msiuze kwa haraka, geuzeni kwanza muone chini.

Mzawa wa Isevya

Na kisheria vipi, hivi si mali kale? Nisije nikauza nikajikuta kituoni

MstaafuWaReli

Sheria ya Mambo ya Kale ni ya 1964, na vitu vinavyolindwa kwa umri ni vile vya kabla ya 1863, pamoja na milango na fremu za nakshi za kabla ya 1940. Kiti chako cha Czechoslovakia hakimo. Ila kama ni cha ofisi ya umma hicho si suala la ukale, hicho ni mali ya serikali, uwe na karatasi ya mnada. Yule dada atunze risiti yake.

DadaWaKibirizi

Ninayo mzee, ahsante. Kaka fundi, henzirani ya kusuka naipata wapi na nani wa kusuka? Nimeamua angalau vinne virudi vya asili vikae mbele

SeremalaWaMwanga

Henzirani naagiza Dar kwa wanaotengeneza makochi ya henzirani, waambie unataka ya kusukia, ile iliyochanwa nyembamba bapa, siyo fito. Kwanza angalia kikalio chako. Kama kuna matundu madogo yamezunguka fremu yote, hicho kinasukwa kwa mkono. Kama hakuna matundu ila kuna mfereji umezunguka, hicho kinawekwa henzirani iliyosukwa tayari kama kitambaa na kubanwa kwa utepe kwenye mfereji, kazi yake ni ya haraka zaidi.

Ya mkono unailoweka maji mpaka ilainike, unapita mara mbili mbele kwenda nyuma, mara mbili kushoto kwenda kulia, halafu mishazari miwili inayopishana, mwisho unapata yale matundu ya pembe nane. Mfundishe mama anayesuka mikeka, mikono yake itaelewa kabla hujamaliza kueleza, hapa Ujiji wapo wengi, na wanakaza vizuri kuliko mimi. Na zile ambazo hazijatoboka ila zimelegea tu usizitoe, lowesha upande wa chini kwa maji ya vuguvugu jioni, asubuhi zitakuwa zimejivuta. Wateja wasisimame juu ya kikalio kubadilisha balbu. Andika hata bango.

Mzawa wa Isevya

Mrejesho wakuu. Nimemwambia mzee. Nimemsomea na kikaratasi, nikamweleza nchi hiyo imeanza 1918. Kakaa kimya, kavaa miwani, kakisoma mwenyewe, kasema kikaratasi kimekosea, viti vilikuja na Mjerumani.

MstaafuWaReli

Mwache.

SeremalaWaMwanga

Mwache kabisa, ila ile nailoni isitoke. Na umuulize kama atakubali vioshwe.

Mzawa wa Isevya

Kakubali kimoja. Kasema tukikiharibu tutakaa chini sote.